Kamba, Wimbo, Damu au Misalaba ya Barabarani: Kazi Ipi ya Wanawake wa Amerika ya Kilatini Inakifaa Kikundi Chako?

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zile ambazo huku kwetu huanza kwa maandamano, fulana za rangi ya chungwa na hotuba ya mgeni rasmi, zina mizizi Amerika ya Kilatini. Tarehe 25 Novemba ni siku waliyouawa dada watatu wa familia ya Mirabal, Patria, Minerva na María Teresa, mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika, kwa sababu walimpinga dikteta Rafael Trujillo. Wanaharakati wanawake wa bara hilo walipokutana Bogotá mwaka 1981 ndio walioichagua tarehe hiyo, na Umoja wa Mataifa ukaja kuipitisha mwaka 1999. Kwa hiyo kikundi cha sanaa kinachojiuliza kifanye nini Novemba ijayo badala ya igizo lile lile la mume mlevi na mke mwenye jicho lililovimba, kina sababu nzuri ya kutazama huko tarehe yenyewe ilikotoka.

Wanawake wa huko wamekuwa wakijenga kwa zaidi ya miaka 50 aina ya sanaa ambayo haihitaji jukwaa wala tiketi. Msanii haigizi mhusika wala hachori picha. Anafanya tendo moja, kwa mwili wake au kwa miili ya watu wengi, mahali ambapo watu wapo, na tendo hilo ndilo kazi yenyewe. Hapa nalinganisha kazi nne ambazo naamini kila kikundi kinapaswa kuzijua, kisha nitagusa mbili nyingine. Vigezo vya kawaida nitavitaja: fedha, idadi ya watu, hatari. Lakini swali ninaloliweka mbele ya yote ni hili: katika tendo hilo, mzigo wa maumivu anaubeba nani? Vikundi vingi huchagua kazi kwa kuangalia picha inayovutia, halafu vinakuja kugundua siku ya tukio kwamba vimemtwisha mzigo binti mmoja wa miaka 19 ambaye hakuandaliwa.

Kamba ya nguo ya Mónica Mayer

Mwaka 1978 Mónica Mayer, msanii kijana wa Jiji la Mexico, aliwapa wanawake 800 wa tabaka, umri na kazi mbalimbali vikaratasi vidogo vya rangi ya waridi. Kila kikaratasi kilikuwa na sentensi ambayo haijamalizika: kama mwanamke, kinachonichukiza zaidi katika jiji hili ni... Kila mwanamke akaimalizia kwa mwandiko wake. Mayer akavibana vikaratasi hivyo kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ndani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya jiji hilo, na kazi ikaitwa El Tendedero, kamba ya kuanikia nguo. Wengi walikuwa wameandika juu ya kushikwashikwa ndani ya basi, kupigiwa miluzi, kufuatwa njiani. Halafu likatokea jambo ambalo halikupangwa: wanawake waliokuja kutazama wakaanza kuongeza ya kwao bila kuombwa na mtu.

Litazame lile swali kwa karibu, maana nguvu yote ya kazi iko pale. Halimuulizi mwanamke kama amewahi kubakwa. Halimwombi ushahidi wala jina. Linamuuliza kuhusu jiji. Anayetaka kuandika juu ya takataka na foleni anaweza kuandika hivyo, na anayetaka kwenda ndani zaidi anakwenda, kwa kiasi chake mwenyewe. Mlango uko wazi na hakuna anayesukumwa. Nimeona dodoso nyingi za semina ambazo huuliza moja kwa moja, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?" na washiriki wote huweka alama ya hapana huku wakitazamana. Ile sentensi ya Mayer inajua kitu kuhusu aibu ambacho dodoso hazikijui.

Na kamba yenyewe ni chombo cha kazi ya nyumbani ambayo haina mshahara, kimepelekwa ndani ya makumbusho ambako hakijawahi kutazamiwa. Hakuna haja ya kulieleza hilo kwa hotuba. Mwanamke yeyote aliyefua nguo za watu sita analiona kwa macho.

Kazi hii imerudiwa mara nyingi, Mayer akiwepo na asipokuwepo, na kila safari swali hubadilishwa kufuatana na mahali. Aliporudi nayo Mexico mwaka 2016 aliwauliza wanawake, pamoja na mengine, wamefanya nini au wangefanya nini kupambana na unyanyasaji. Swali hilo linamtoa mwandishi kwenye nafasi ya aliyeumizwa na kumweka kwenye nafasi ya anayepambana, na kama mna nafasi ya kuweka kamba mbili, ya pili iwe ya swali hilo.

Tahadhari moja. Katika miaka ya karibuni wanafunzi wa vyuo na shule za Mexico wamekuwa wakitundika kamba zao wenyewe, safari hii wakiandika majina ya walimu na wanafunzi wanaowatuhumu. Naelewa kwa nini wamefika huko: wamekwisha kupiga hodi kwenye ofisi zote na hakuna aliyefungua. Lakini hiyo ni silaha tofauti kabisa na ile ya 1978, na inarudi kwa aliyeishika. Anayetundika jina la mtu hadharani anahitaji mwanasheria aliyekwisha kukubali kumtetea, na anahitaji kujua kwamba mwandiko wake unaweza kutambuliwa na mwalimu anayesahihisha madaftari yake. Kwa kikundi kinachoanza, msiandike majina.

Pembeni kidogo: Mayer huyo huyo, pamoja na Maris Bustamante, waliunda mwaka 1983 kikundi walichokiita kwa jina la unga wa kuku mweusi, dawa ya kienyeji ya kuzuia jicho baya. Mwaka 1987 walikwenda kwenye kipindi cha televisheni na kumvalisha mtangazaji Guillermo Ochoa tumbo la ujauzito, wakamfanya mama kwa siku moja mbele ya watazamaji. Nalitaja kwa sababu vikundi vyetu huamini kwamba upinzani lazima uwe na uso wa msiba. Kicheko nacho kinang'oa mambo.

Wimbo wa LASTESIS

Hii ndiyo wengi wameiona kwenye simu hata kama hawajui ilikotoka. LASTESIS ni wanawake wanne wa mji wa bandari wa Valparaíso, Chile: Dafne Valdés Vargas, Paula Cometa Stange, Lea Cáceres Díaz na Sibila Sotomayor. Kazi yao ilikuwa kuchukua hoja nzito za waandishi wa kifeministi na kuzigeuza kuwa kitu cha jukwaani. Walikuwa wakiandaa onyesho juu ya ubakaji, wakitegemea fikra za mwanaanthropolojia wa Argentina Rita Segato, anayesema kwamba ubakaji ni suala la mamlaka na utawala, hautokani na tamaa iliyomshinda mtu. Oktoba 2019 Chile ikalipuka kwa maandamano yaliyoanzia kwenye nauli ya treni za mjini Santiago. Novemba wakakitoa kipande kimoja cha onyesho barabarani. Tarehe 25 Novemba kikafanyika Santiago, video ikasambaa, na ndani ya majuma machache wanawake wa mabara yote walikuwa wakikicheza kwa lugha zao.

Kila kiungo cha kazi hii kina sababu. Jina lake, Un violador en tu camino, mbakaji katika njia yako, limegeuza kaulimbiu ya zamani ya polisi wa Chile waliojiita rafiki katika njia yako. Ndani ya wimbo wameingiza beti kutoka wimbo rasmi wa polisi hao hao, unaomwambia binti asiye na hatia alale salama. Kuchuchumaa mara tatu huku mikono ikiwa kisogoni kunaonyesha kile ambacho wanawake waliokamatwa walikuwa wakilazimishwa kufanya vituoni wakiwa uchi. Vitambaa vyeusi machoni vilivaliwa katika nchi ambayo, majuma hayo hayo, mamia ya watu walikuwa wakijeruhiwa macho na polisi waliokuwa wakitawanya maandamano. Na kidole kinachonyooshwa mbele kinataja mbakaji ni nani: polisi, mahakimu, dola, rais. Kiini cha maneno ni kwamba kosa halikuwa la mwanamke, wala la mahali alipokuwa, wala la alivyovaa.

Mzigo hapa unabebwa na umati. Hakuna anayesema "mimi nilibakwa". Wote wanasema kwa pamoja, na aliyefanyiwa na asiyefanyiwa hawatofautiki nyuma ya kitambaa. Ndiyo maana tarehe 4 Desemba 2019 maelfu ya wanawake wa makamo na wazee walijitokeza nje ya Uwanja wa Taifa wa Santiago kuucheza. Uwanja ule ndio uliogeuzwa kambi ya mateso baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973 yaliyomweka Jenerali Augusto Pinochet madarakani. Wapo waliosubiri miaka arobaini na sita kunyoosha kidole mahali pale.

Lakini kidole kina bei. Istanbul, Desemba hiyo hiyo, polisi waliwatawanya wanawake waliokuwa wakiucheza na kuwakamata baadhi yao. Wabunge wanawake wa upinzani wa Uturuki wakauingiza bungeni, wakigonga meza na kuinua picha za wanawake waliouawa. Chile kwenyewe, mwaka 2020, jeshi la polisi liliwafungulia LASTESIS malalamiko kwa madai kwamba wanachochea vurugu dhidi yake, na mahakama ikaja kuyatupa. Kwa hiyo kabla hamjakichagua kipande hiki, jibuni kwa maneno yanayoeleweka: sisi tunamnyooshea nani? Kama jibu ni "jamii kwa ujumla", msikifanye. Kidole kinachoelekezwa kwa kila mtu hakimgusi yeyote, na kazi inabaki mazoezi ya viungo kwa ajili ya kamera. Kama jibu ni shirika fulani, kituo fulani, au sheria fulani, basi mnacho chombo kikali kuliko vyote vinne, na muwe na namba ya wakili mfukoni.

Damu ya Regina José Galindo

Guatemala ilipita kwenye vita vya ndani kuanzia 1960 hadi 1996, na tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi mno wakiwa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa vijijini. Jenerali Efraín Ríos Montt alitawala katika kipindi kibaya kupita vyote, 1982 na 1983. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2003, Mahakama ya Katiba ilimruhusu kugombea urais, ingawa katiba inawazuia waliowahi kuingia madarakani kwa mapinduzi.

Regina José Galindo, aliyezaliwa 1974, alivaa gauni jeusi, akavua viatu, akabeba beseni lenye damu ya binadamu. Alitembea kutoka Mahakama ya Katiba hadi Ikulu ya zamani ya Taifa katikati ya Jiji la Guatemala. Kila baada ya hatua kadhaa aliliweka beseni chini, akachovya nyayo zake ndani ya damu, akalibeba tena, akaendelea. Nyuma yake ukabaki mstari wa nyayo nyekundu kwenye lami, katikati ya watu waliokuwa wakienda kazini na sokoni. Alipofika mbele ya polisi waliokuwa wakilinda mlango wa ikulu, akalitua beseni mbele yao. Kazi inaitwa kwa swali: ni nani awezaye kuzifuta nyayo?

Ríos Montt alishika nafasi ya tatu katika uchaguzi ule. Sidai kwamba nyayo ndizo zilizomshinda. Tarehe 10 Mei 2013 mahakama ya Guatemala ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wamaya wa Ixil na kumhukumu miaka 80, na siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba, ile ile ambayo Galindo alianzia matembezi yake, ikaifuta hukumu. Mwaka huo huo Galindo alifanya kazi nyingine, La verdad, ukweli. Aliketi mezani akisoma ushuhuda wa walionusurika, na kila baada ya muda daktari wa meno alikuja kumdunga sindano ya ganzi mdomoni. Alisoma kwa zaidi ya saa moja. Ulimi ukawa mzito, maneno yakavunjika, mate yakatoka, na aliendelea kusoma. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mtazamaji analazimika kuinama ili asikie, na katika kuinama anafahamu kwa mwili wake mwenyewe jinsi ushahidi unavyonyamazishwa bila kukatazwa.

Nisingekishauri kikundi chochote kiige kazi za Galindo. Mzigo wote uko juu ya mwili mmoja. Yeye ameuchagua, ameufanyia kazi kwa miaka mingi, na amekwenda mbali hata kujichonga neno la matusi kwenye paja kwa kisu, mwaka 2005, kuonyesha yale yaliyokuwa yakiandikwa kwenye miili ya wanawake waliouawa. Mwaka huo Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, ilimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kama msanii kijana. Binti wa kikundi cha mtaani aliyesimamishwa na kiongozi wake mbele ya watu na beseni la damu hajachagua hivyo. Amekubali kwa sababu hakutaka kuonekana mwoga. Tena damu yenyewe leo ni jambo la afya ya umma, na rangi nyekundu iliyotiwa mahali pake huipunguzia kazi hii nguvu mara moja.

Uchi nao tuuzungumzie, kwa kuwa Galindo ameutumia mara kadhaa. Afrika Mashariki mwili wa mwanamke mzee ukivuliwa nguo hadharani una maana yake tayari. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa pamoja na Wangari Maathai pale Uhuru Park mwaka 1992 walivua nguo mbele ya polisi, na kila askari alielewa kwamba amelaaniwa. Ukileta uchi wa msanii kijana kwenye mazingira hayo, watu wataisoma laana au watasoma fedheha, na hakuna atakayeisoma hoja yako.

Zisomeni kazi zake, zitazameni kwenye video, zijadilini. Kikundi kilichojadili La verdad kwa jioni nzima kinarudi kwenye kamba ya Mayer kikiwa na maswali bora zaidi.

Misalaba ya Lotty Rosenfeld

Desemba 1979, Chile ya Pinochet. Chama hakiruhusiwi, mkutano hauruhusiwi, usiku kuna amri ya kutotoka nje. Lotty Rosenfeld anatoka na vipande vya kitambaa cheupe, anainama katikati ya barabara ya Manquehue huko Santiago, na juu ya kila mstari mweupe unaogawa njia za magari anabandika kitambaa kwa kukingama. Mstari unakuwa msalaba. Msalaba mmoja, wa pili, wa kumi, mpaka maili nzima.

Hakuandika neno hata moja. Dereva anayepita anaona makaburi, au anaona alama ya kujumlisha, au anaona tu kwamba mtu amevunja utaratibu wa barabara ambayo kila siku humwambia apite wapi. Askari akiuliza kosa ni lipi, atajibiwa nini? Mwaka 1982 alikwenda kuirudia Washington mbele ya Ikulu ya Marekani, serikali iliyokuwa imehusika kuandaa mazingira ya mapinduzi ya 1973.

Alama hiyo ya kujumlisha ilizaa kitu kikubwa zaidi. Rosenfeld alikuwa katika kundi la wasanii lililoitwa CADA pamoja na mwandishi Diamela Eltit na wengine, na kuanzia 1983 wakawa wanaandika kwenye kuta za Santiago "NO +", yaani "hatutaki tena", na kuiacha hivyo bila kumalizia. Wapita njia wakamalizia wenyewe: hatutaki tena mateso, hatutaki tena hofu, hatutaki tena vifo. Wanawake wa Mujeres por la Vida (Wanawake kwa ajili ya Uhai), kundi lililompinga Pinochet, wakaichukua kwenye mabango yao. Mtaona ni ufundi ule ule wa Mayer: sentensi isiyokwisha, na umma ndio unaoandika.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa fedha, kamba na misalaba ni za bei ya chini kabisa: karatasi, kamba, vibanio, kitambaa. Wimbo wa LASTESIS hauhitaji hata vitu hivyo, ila unahitaji spika na siku mbili tatu za mazoezi. Kwa watu, kamba inaweza kuendeshwa na watu watatu, misalaba na mmoja tu akiwa na mpiga picha, wimbo ukiwa na watu chini ya thelathini unasinyaa.

Hatari ndiyo inayotofautisha zaidi. Wimbo unahitaji mahali pa wazi na umati, na umati ndio unaofuatwa na polisi. Misalaba inafanyika haraka na mtu anaondoka, lakini ukikamatwa uko peke yako, na kuchezea alama za barabarani ni kosa kila mahali. Wenye busara hutafuta uwanja wa shule, sakafu ya soko, au ngazi za ofisi. Kamba inaweza kuwekwa ndani ya maktaba, ukumbi wa kanisa, uwanja wa msikiti akina mama wakikubali, na hakuna atakayeweza kusema kwamba ni maandamano.

Kuna pia suala la kinachobaki. Wimbo huacha video, na video huishi maisha yake ambayo hamna mamlaka nayo: nyuso za mabinti zitaonekana na wajomba, waajiri, na wanaume wenye maneno machafu. Misalaba huacha picha ambayo kila mtu anaitafsiri anavyotaka, hiyo ikiwa ndiyo kinga yake na pia udhaifu wake, kwani mahali ambapo watu wana uhuru wa kusema wazi, fumbo lisilo na ulazima huwachosha. Kamba huacha karatasi. Karatasi ni ushahidi. Zinaweza kupelekwa kwa diwani, kwa mkuu wa shule, kwa chama cha wenye mabasi, zikiwa na maneno ya wanawake wa mahali pale pale, kwa mwandiko wao.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza kwa vikundi vingi ni kamba, na silisemi kwa kusitasita. Nairobi ilishuhudia Novemba 2014 wanawake wakiandamana chini ya kauli ya nguo yangu ni hiari yangu, baada ya wenzao kuvuliwa nguo kwenye vituo vya matatu. Swali alilouliza Mayer mwaka 1978 juu ya mabasi ya Mexico lingeweza kuandikwa jana kwa ajili ya Mbagala au Githurai bila kubadilishwa hata nukta. Chaguo la pili ni wimbo, kwa wenye umati na mlengwa anayejulikana. Misalaba naiweka kwa wale ambao mahali walipo kusema ni hatari ya kweli.

Mbili za kuongeza

Ana Mendieta alizaliwa Havana 1948, akapelekwa Marekani akiwa na miaka 12 bila wazazi wake, akakulia Iowa. Mwaka 1973, baada ya mwanafunzi mmoja wa chuo chake kubakwa na kuuawa, aliwaalika wanafunzi wenzake nyumbani kwake. Walikuta mlango haujafungwa vizuri, ndani yeye akiwa amefungwa kwenye meza, ametapakaa damu, vyombo vimevunjika sakafuni. Hakusogea kwa muda mrefu, na waliokuja wakaketi na kuzungumza. Kazi hiyo inastahili kujulikana, lakini msiifanye. Ndani ya chumba chenye watu ishirini yupo ambaye ataiona siku yake mwenyewe, na hatakuwa ameonywa.

Victoria Santa Cruz ni habari nyingine. Alizaliwa Lima mwaka 1922 katika familia ya Waperu wenye asili ya Afrika, akaanzisha kundi la ngoma na maigizo la watu weusi wa Peru mwaka 1966, na mwaka 1978 akarekodiwa akitenda shairi lake Me gritaron negra, waliniita mweusi kwa kelele. Anasimulia binti mdogo sana anayezomewa mtaani kwa rangi yake. Kiitikio cha watu na makofi kinamzomea pia. Binti anarudi nyuma, ananyoosha nywele, anapaka uso poda, na neno lile linaendelea kumpiga. Halafu mapigo yanageuka, anasimama wima, na neno lile lile linatoka kinywani mwake kwa sauti ambayo hakuna anayeweza kuizomea.

Hakuna damu, hakuna uchi, hakuna polisi wa kuogopa. Kuna sauti, makofi na mguu unaopiga sakafu, vitu ambavyo watoto wetu wanavijua kabla hawajaanza shule. Kwa kikundi chenye wanafunzi wa sekondari, katika nchi ambamo krimu za kujichubua zinauzwa kila kona na binti mweusi anapewa jina la utani darasani, hii ndiyo ningeanza nayo, kabla hata ya kamba. Msilitafsiri shairi lake tu na kulikariri. Waacheni mabinti waandike majina waliyoitwa wao, kisha watafute mapigo.

Kwa watakaochagua kamba, mambo matatu ya kiutendaji. Swali liandikwe na wanawake wa mahali hapo na lijaribiwe kwanza kwa watu watano, "kama mwanamke, kinachoniudhi zaidi ninapopanda daladala ni..." ni mwanzo mzuri. Kalamu zote ziwe za rangi moja, na anayeogopa mwandiko wake apate mtu wa kumwandikia, bila kusahau bibi asiyejua kuandika ambaye pengine ana mengi kuliko wote. Na awepo mtu mmoja, kutoka Dawati la Jinsia au mshauri nasaha mnayemwamini, ameketi karibu muda wote wa tukio, maana kutakuja kikaratasi kitakachosema jambo linaloendelea nyumbani kwa mtoto hivi sasa, na aliyekiandika atakuwa bado yumo ndani ya ukumbi akisubiri kuona kama kuna atakayekisoma.